Tofu Aliyoikubali Ba

Riziki, wewe na wenzako mliotapakaa majikoni kutoka Mnarani mpaka Malindi, nimechoka kupigiwa simu. Tangu nivue aproni mwezi uliopita, hazipiti siku mbili bila mmoja wenu kuniuliza, "Shangazi Kadzo, ile tofu unaifanyaje mpaka watu wanaila?" Nami niko zangu Kakuyuni, mkono mmoja una mahindi ya kuku, wa pili una simu, na kuku wananitazama kwa hasira. Basi nimekaa kitako, nimeandika. Someni, kisha mniache nilishe kuku.

Vyeo na mshahara sitavitaja. Mshahara uliliwa, na vyeo vya jikoni ni viwili tu: anayeshika mwiko na anayeosha masufuria. Mimi nilianza kwa kuosha.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimevaa viatu vya kuazima. Ilikuwa hoteli ndogo Watamu, siku hizi imefungwa. Jikoni alitawala Bi. Mwanaidi, mama wa Kiswahili wa Malindi mjini, mwembamba, lakini sauti yake ilifika mpaka ufuoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wajua kupika?"

Nikasema najua.

"Wajua kupika nini?"

"Sima na mtsunga." Mtsunga ni mboga yetu chungu ya Kigiriama, na mimi niliitaja kwa fahari.

Akanitazama tangu utosini hadi kwenye vile viatu. "Haya. Basi hujui. Afadhali, sitakuwa na kazi ya kukusahaulisha."

Miezi miwili mizima nilikaa juu ya mbuzi nikikuna nazi. Kisha nikapandishwa hadi kwenye kifumbu, kile kikapu chembamba cha kukamulia tui, na mikono yangu ikanuka nazi hata Jumapili kanisani. Siku aliyonipa mwiko kwa mara ya kwanza, nikoroge mchuzi wa samaki, mtu aliniita kutoka uani, nikageuka. Nasema niligeuka tu, sikuondoka. Niliporudisha macho, tui limekatika. Mafuta yanaelea juu, chengachenga zimezama chini, na katikati maji ambayo usingempa hata mgonjwa.

"Umeua!" akapiga kelele Bi. Mwanaidi. "Wallahi umeua mchuzi wa watu!" Akanigonga vidole kwa upawa, si kwa nguvu, lakini ujumbe ulifika. "Sikiliza, Kadzo. Tui halina adabu. Moto ukipanda na wewe hukorogi, linakatika. Mwiko usitoke mkononi mpaka sufuria iepuliwe. Hata nyumba ikiungua, wewe koroga."

Nilikoroga kwake miaka kumi na tisa. Mkono ulizoea hata nikawa nakoroga usingizini, marehemu mume wangu alilalamika. Bi. Mwanaidi naye ameshatangulia, Mungu amrehemu. Kila mchuzi wangu uliotoka salama ni wake.

Wageni walipopungua hoteli ikafungwa, nami nikapata kazi nyumbani kwa Bwana Harish, muuza mabati na misumari hapo Malindi mjini. Mkewe, Mama Bhavna, alinipokea vizuri, akanionyesha jiko, akanipa masharti. Nyumba hii hailiwi nyama. Wala samaki. Wala mayai. Nikaitikia. Wala kitunguu, wala kitunguu saumu. Hapo nikajiuliza kimebaki nini. Sharti la mwisho: mpishi akifika lazima aoge kabla hajagusa sufuria. Nikamwambia nimeoga kwetu alfajiri. Akasema vizuri sana, na bafu liko kule. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa mpishi msafi kuliko wote pwani hii.

Siku hiyohiyo nilifungua kabati la viungo, harufu ya mvuje ikanipiga usoni. Sasa kwetu mvuje hufungiwa mtoto mchanga asipatwe na jicho la watu. Nikamsogelea Mama Bhavna, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Pole, mama. Mtoto anaumwa?"

"Mtoto gani?"

Nikamwonyesha kopo. Alicheka mpaka akashika meza. "Kadzo, hiyo tunatia kwenye dengu!" Ndipo nikajua kwamba pasipo na vitunguu, mvuje kidogo ukiutupa kwenye mafuta ya moto unashika nafasi yao. Kidogo, nimesema. Ukizidisha, nyumba itanuka ulinzi wa mtoto wiki nzima.

Walaji walikuwa wagumu. Bwana Harish alikula kwa macho kwanza. Chakula kikiwa cheupe alikiita chakula cha hospitali. Binti yake Nisha, ambaye mwaka wa tofu alikuwa na miaka kumi, vitu viwili vikigusana kwenye sahani, vyote viwili anavisukuma. Lakini hao ni wanafunzi tu. Mwalimu wao alikuwa Ba.

Ba ni mama yake Bwana Harish, na ndivyo wote tulivyomwita. Ni mwanamke mfupi mwenye bangili za kioo kijani na mbili za dhahabu, amezaliwa mtaa uleule anaoishi, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Ba hakula kitu kisichofanywa ndani ya nyumba ile na mtu aliyeoga. Mkate wa duka, hapana. Biskuti, hapana. Kila asubuhi alifanya paniri yake mwenyewe, ile jibini nyeupe laini: anachemsha maziwa, anatia ndimu yakatike, anayachuja kwa kitambaa, anayagandamiza kwa jiwe. Hakutaka niikaribie kazi hiyo, na kusema kweli sikutaka kuitazama. Mtu kuharibu maziwa makusudi! Nilikuwa nageuza uso, naosha vyombo.

Kisha, mwaka wangu wa saba pale, tumbo la Ba likagoma. Daktari akasema maziwa basi. Paniri basi, siagi basi, mtindi basi. Dengu na choroko nazo zilimjaza tumbo gesi hata hapati usingizi. Akabaki na wali vijiko vitatu na chai kavu. Alipoinua mkono, bangili zilishuka mpaka kwenye kiwiko. Siku moja alikuwa ananawa, moja ya dhahabu ikachomoka mkononi ikaanguka kwenye beseni, tukaitazama sote pale chini ya maji.

Mezani siku ile Bwana Harish alizungumza bila kumtazama mama yake. "Mama, mwisho wa mwezi ukiwa bado huli, nakupeleka Uingereza kwa dada. Huko kuna mabingwa."

"Huko sijui hata jirani anaitwa nani," Ba akasema. "Nikienda sirudi. Wewe unajua na mimi najua."

Bwana Harish akainuka, akaacha chakula. Ba akaja jikoni taratibu kwa mkongojo wake, akanikuta nasugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Kadzo, umesikia. Nataka kubaki kwangu. Basi pika kitu."

Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikarudi nikaoga tena, maana ndiyo sharti.

Kesho yake Mama Bhavna alileta paketi ya tofu kutoka duka la wazungu. Daktari ameisifia, inatokana na soya, haina maziwa, inajenga mwili. Niliifungua: kipande cheupe kimelala ndani ya maji, hakina harufu, hakina ladha, hakina habari na mtu. Nikakikata vipande vya mraba nikavitia kwenye mchuzi wa nyanya nilivyozoea kutia paniri.

Bwana Harish alitafuna kimoja. "Kadzo, hii ni sabuni?"

Nisha alimaliza sahani yake yote. Nilifurahi! Nikapika tena, akamaliza tena. Siku ya tatu mrihani wa Ba pale barazani, ule anaosali mbele yake kila asubuhi, ukaanza kunyauka. Kuchimbua kidogo, vipande saba vya tofu. Nikavitupa uani, paka akaja, akanusa, akaondoka zake.

Sasa hapa ndipo penye mafunzo mnayoyataka, kwa hiyo acheni simu. Tofu imejaa maji, na iliyojaa maji haina pa kutia viungo. Ifungeni kwenye kitambaa safi, wekeni kibao juu, na juu ya kibao kitu kizito. Mimi niliweka kinu. Nusu saa. Kisha msiikate kwa kisu, ichaneni kwa vidole, ili kingo ziwe na mashimoshimo ya kushika viungo. Itieni kwenye maji ya moto yenye chumvi kwa robo saa, itoke ile harufu ya paketi. Ikausheni, muikaushe kweli, Riziki, maana nakujua haraka yako. Ikiwa na maji mafuta yatakurukia. Halafu igaragazeni kwenye unga wa mchele uliotiwa manjano, uzile, yaani bizari nyembamba, pilipili na mvuje wa ncha ya kijiko. Kaangeni kwa mafuta machache, na msiiguse mpaka chini iwe kahawia. Anayegeuzageuza atabaki na unga kwenye kikaango na tofu uchi.

Bwana Harish alipoona rangi, mkono ulikwenda wenyewe. Nisha nilimpa yake kavu kwenye sahani, na mchuzi wa ukwaju kwenye kibakuli cha mbali, visigusane. Alichovya mwenyewe vipande kumi na kimoja. Mrihani ukapona.

Ba alichukua kipande, akakigeuza, akakirudisha. "Nani ameifanya hii?"

"Mimi, Ba. Nimekaanga sasa hivi."

"Umeikaanga wewe. Nauliza nani ameifanya."

"Imetoka dukani, Ba."

"Duka halina mikono," akasema, akasukuma sahani.

Hasira zilinipanda, sifichi. Bibi wa watu anapungua kila siku, na bado anauliza habari za mikono! Lakini nilipotulia nikaona kosa ni langu. Miaka yote nilikuwa namwona akikataa mkate wa duka, kisha nikampelekea tofu ya paketi nikitarajia nini? Ba hakuwa anabagua tofu. Alikuwa anangoja mtu aliyeoga aifanye ndani ya nyumba yake.

Siku kumi zilikuwa zimebaki mwezi uishe. Nikaenda Gede kwa mama mmoja anayeuza soya za kusagia uji, nikanunua kilo mbili. Nikaloweka usiku kucha, asubuhi nikasaga kwa maji, nikakamua kwa kifumbu nilichotandika kitambaa ndani. Moyo ulitulia, maana hii kazi naijua: kusaga, kukamua, kupata maji meupe. Hili ni tui, nikajiambia, ila la soya. Nikalichemsha robo saa nzima likitoka povu, na msifupishe hapo, soya mbichi inaumiza tumbo. Nikaepua, nikamimina maji ya ndimu.

Na nikakoroga.

Mnanijua. Kitu cheupe kikiwa cha moto ndani ya sufuria, mkono wangu haungoji amri. Nilikoroga kwa juhudi zote nilizofundishwa, na zile chenga zilizotaka kushikana nikazivunja zote zikawa vumbi. Nilipochuja, nusu ikapita kwenye kitambaa, nusu ikabaki uji. Nikafikiri ndimu haitoshi. Siku ya pili nikazidisha ndimu, nikakoroga zaidi. Uji mkali. Nikawapa kuku wa jirani. Kuku wa jirani walinenepa mwezi ule, Ba hakunenepa.

Siku ya tatu zilibaki siku saba, na Mama Bhavna alikuwa ameshatoa sanduku la Ba kutoka juu ya kabati kulipangusa vumbi. Nilikuwa nimeepua sufuria, nimetia ndimu, ninakoroga na machozi yananitoka, nikasikia mkongojo nyuma yangu.

"Unafanya nini?" akauliza Ba.

"Natengeneza tofu, Ba. Haitaki."

Akachungulia. Akautazama mkono wangu unavyozunguka. "Kadzo, unaogopa nini?"

"Litakatika!" nikasema, bila kufikiri.

Ba akanikodolea macho. "Si ndiyo unalotaka?"

Kazi nzima ya tofu ni kulikata lile tui, na mimi siku tatu nilikuwa napigana nalo lisikatike! Na mkono bado unakoroga, naapa, nimeshaelewa na bado unakoroga. Ba akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake vimebaki mifupa, akanitoa mwiko mkononi. Akavuta kigoda, akakaa, akaulaza mwiko mapajani mwake, akauzuia kwa mikono miwili.

"Ongeza ndimu kidogo. Haya. Sasa kaa."

Nikakaa sakafuni. Sikujua mikono niiweke wapi. Nilimsikia Bi. Mwanaidi waziwazi, nyumba ikiungua wewe koroga, nikanyanyuka nusu.

"Kaa!" Ba akasema.

Tukakaa. Kwanza hakuna kitu. Kisha pembeni pakatokea ufa, na ndani ya ufa maji ya manjano, safi, unaona mpaka chini. Halafu sufuria nzima ikagawanyika, mabonge meupe mapana upande huu na maji upande ule. Nikapiga ukelele, "Limekatika! Ba, limekatika!" Katika maisha yangu yote ya jikoni sikuwahi kulisema neno hilo kwa furaha. Mama Bhavna alikuja mbio akidhani mtu ameungua.

Ba alinielekeza, nikayateka mabonge kwa upawa polepole nikayalaza kwenye kitambaa, nikafunga, nikaweka jiwe lake la paniri juu, lile lile. Baada ya saa moja tulikuwa na tofu ngumu ya kukatika kwa kisu, ya moto bado, inanukia karanga kwa mbali. Nikaweka mafuta, mvuje, tangawizi, majani ya mchuzi, pilipili mbichi, manjano, nyanya. Nikatia tofu. Mwisho nikaleta tui zito la nazi nililokamua mwenyewe, maana maziwa hayaruhusiwi na mchuzi unataka kitu cha kuutuliza. Ba akaniona nimesita. Akanirudishia mwiko.

"Hili sijui mambo yake," akasema. "Hili lako. Koroga."

Bwana Harish alirudi adhuhuri akatukuta Ba mezani na mimi nimesimama nyuma ya kiti. Hakuketi, alibaki mlangoni na funguo mkononi. Ba alitia kipande mdomoni, akatafuna muda mrefu sana.

"Nani ameifanya hii?"

"Mimi, Ba. Na wewe."

"Umeoga?"

"Mara mbili."

"Basi ongeza."

Bwana Harish akageuka akatazama nje, akajifanya anahesabu funguo. Siku zile saba nilifanya tofu kila asubuhi, Ba kigodani na mwiko mapajani, mimi sakafuni, mikono nimeikalia. Mwisho wa mwezi sanduku lilirudi juu ya kabati. Nilimsikia Bwana Harish akimwambia dada yake kwa simu, "Mama haji. Anakula. Ameanza hata kugombana." Bangili zilichukua miezi, lakini zilirudi mahali pake, kwenye kifundo.

Miaka tisa imepita tangu hapo. Nisha amekuwa mwanamke, na bado kibakuli cha ukwaju anakiweka mbali.

Nimalizie kwa siku yangu ya mwisho. Riziki, wewe ulikuwapo, unajifunza kunirithi, lakini wenzako hawajui. Nilifika, nikaoga, nikaelekea jikoni, nikakuta mlango umefungwa na wewe umeuzibia kwa kanga zako, huniachii njia. Ndani nasikia vyombo. Adhuhuri ukanishika mkono ukanipeleka mezani, pale ambapo kwa miaka kumi na sita nilipeleka sahani na kuondoa sahani, na sahani yangu mimi ikawa jikoni. Mama Bhavna akanivutia kiti. Na Ba akatoka jikoni, karibu miaka tisini, amebeba bakuli kwa mikono miwili na hataki msaada wa mtu.

Tofu ilikuwa imara, nyeupe, haina kasoro. Lakini tui la nazi! Lilikatika lote. Mafuta juu, chenga chini, katikati maji. Nilijua palepale kilichotokea: alilimimina, akaondoa mkono, akakaa kigodani akalingoja na mwiko mapajani. Bi. Mwanaidi angenyanyua upawa kutoka huko aliko.

Ba alikuwa ananitazama. Nikatia kijiko, nikala. Nikatia tena.

"Ba, nani ameifanya hii?"

"Mimi."

"Umeoga?"

Alicheka mpaka bangili zikalia. "Mara mbili."

"Basi ongeza," nikasema, nikamsogezea sahani.